Daftari la Vichwa

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, ila feni ya ofisini ndiyo mgonjwa: inazunguka pale tu bosi anapopita.

Nimepewa kazi yangu mwenyewe hapa idara ya afya, kuchora ramani ya chawa wa kichwani. Usicheke. Tukijua walikotokea miaka ya nyuma, kompyuta inakisia mtaa gani watazuka shule zikifunguliwa, na dawa inatangulia kabla mtoto hajaanza kujikuna. Shida ni takwimu. Kila mwalimu mkuu ninayemwandikia anajibu kwake hakuna chawa hata mmoja. Nikakumbuka daftari lako la kibanda cha ususi, lile unaloandika kila kichwa chenye chawa unachokifumua. Nitumie, mama. Hakuna atakayeona jina la mtu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni uleule, nimeuzoea kama nilivyomzoea baba yako. Majirani wanakusalimu. Mama Pacha anauliza utaolewa lini. Nimemwambia una shughuli.

Kumbe shule yote ile ilikuwa ya kuhesabu chawa. Nimecheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye.

Daftari hilo hapo, la miaka kumi na mmoja. Naliandika ili nijue kichwa gani nikirudie dawa baada ya wiki. Hakuna aliyewahi kulisoma. Wanawake wananiletea watoto wao kwa sababu sina mdomo. Nakupa kwa kuwa ni wewe. Usinivue nguo.

Mama yako

6 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo, habari za huko? Mimi mzima na nina furaha. Ramani imekamilika, bosi ameitundika ukutani na anawaleta wageni kuitazama. Nyekundu ni mtaa wenye chawa, nyeupe ni usio nao. Utashangaa: mtaa wetu ni mwekundu kuliko yote. Usihofu, maana yake dawa itaanzia kwenu. Daftari nakurudishia, na asante sana.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Salamu. Kwa mwili hatujambo.

Dawa haikuja. Zilikuja mashine za kunyolea. Ramani yako imebandikwa kwenye ubao wa matangazo shuleni, mtaa wetu mwekundu, na katikati kuna kitone: kibanda changu. Watoto wa mtaa wetu walitolewa mstarini, wakanyolewa uwanjani wenzao wakiwatazama. Wale pacha niliwasuka mwenyewe Jumapili, hawakuwa na hata yai moja. Mama yao alikuja na nywele zao kwenye mfuko, akaziweka juu ya kiti changu, akasema, "Na mimi nilidhani huna mdomo." Tangu siku hiyo hajaja mteja.

Mle daftarini yumo mtoto wa fundi viatu. Wanakaa kule kwenye tangi la maji, wewe mwenyewe ulisoma na dada yake. Wa muuza mkaa anatoka ng'ambo ya reli. Msusi wa kule akiona chawa anamfukuza mtoto, na mtoto analetwa kwangu. Kote huko umepaka nyeupe. Kwa nini hukuniuliza?

Mama yako

28 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako. Kosa ni langu. Uliandika "wa fundi viatu", "wa muuza mkaa", bila mtaa, na mimi nilikuwa na wiki mbili tu. Nikaweka anwani ya kibanda kwa vichwa vyote. Nilijua wanakokaa, mama. Niliona uvivu kupitia mmoja mmoja.

Nimemwambia bosi. Anasema ramani haikukosea, maana mtaa wetu walipata watoto tisa wenye chawa. Nikamuuliza mitaa mingine walipata wangapi. Hawakuikagua, kwa sababu ni myeupe. Amenipandisha cheo, nichore ya nchi nzima. Nakuomba uniandikie kila mtoto na mtaa wake, nirekebishe.

Mwanao

3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Wiki ya sita hii sijapata jibu. Mgongo unaendeleaje? Muhula mpya unaanza Jumatatu na wataitumia ramani ileile. Niandikie hata mitaa kumi tu.

Mwanao

14 Oktoba

Salamu zako nimezipata. Mgongo umepona, siku hizi sina wa kumwinamia.

Jana alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya reli, kule kweupe, amejitanda uso, na binti yake. Walipitia nyuma wasionekane. Kichwa cha mtoto kimejaa mpaka masikioni, chawa wa miezi. Nimemchana kwa saa tatu, nimempaka dawa, nimechemsha machanuo. Mama yake akaniuliza kama nitaandika. Nikamwambia daftari nimewashia jiko.

Mwaka huu mtaa wetu hauna chawa. Mwambie bosi wako apake nyeupe.

Msusi