Wanawake Thelathini na Wanane wa Makwasinyi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bosi wangu, Josephat, karudi kutoka semina Nairobi. Tafiti zote za HIV nchini sasa zinaingia kwenye databesi moja ya taifa, watu waache kurudia kazi iliyokwishafanywa. Za huku Voi nitaziingiza mimi. Eti nina mkono mwepesi! Bosi akikusifu, jua kuna mzigo unakuja.

Jumanne, 4 Machi 2025

Kabati zima ni vumbi. Nimepiga chafya mpaka machozi.

Kijiji cha Makwasinyi kimechunguzwa mara nne, swali lile lile: kwa nini wanawake hawaendi kupima? Jibu nalo lile lile: wanaogopa kuonekana na majirani. Profesa mmoja alihitaji kurasa mia mbili kulisema. Nimecheka mpaka Cynthia wa mapokezi akachungulia.

Kisha nikafungua faili la nne. Mtafiti: Tryphena Mwakio. Mimi! Diploma yangu, 2013. Nilihoji wanawake thelathini na wanane. Kicheko kikanikauka.

Jumatano, 5 Machi 2025

Databesi inauliza: wahusika walirudishiwa matokeo? Nimebonyeza Ndiyo. Nikafuta. Nikaenda kunywa chai.

Niliwaahidi kurudi mwezi uliofuata. Waliniamini, wakanifungia na ndengu za kupika nyumbani. Nikala ndengu, nikapata cheti, nikapata kazi. Basi.

Josephat anasema bonyeza tu Ndiyo, nani ataenda kuwauliza? Nimeomba ruhusa ya Ijumaa niende mwenyewe. Kaniangalia kana kwamba naomba likizo ya kwenda mwezini.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Naandika nikiwa nyuma ya kanisa, Makwasinyi. Nimewadanganya naenda choo.

Wamekuja ishirini na tisa. Mama Ndeti, mwenyekiti wa kikundi chao cha kusuka vikapu, amenipokea kwa kicheko: kumbe bado uko hai, sisi tulidhani umeliwa na ndovu! Kisha akanitajia wasiokuwepo, mmoja mmoja. Wanne wameolewa kwingine. Watano wamekufa — wawili kati yao walipima wakiwa tayari hawawezi kusimama. Hakucheka alipofika hapo. Mimi niliangalia karatasi zangu.

Nimewasomea matokeo. Wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, haya si tulikwambia sisi?

Halafu Mama Ndeti kasimama, vikapu pembeni.

“Sasa zamu yetu. Uliandika kwamba tunaogopa kupima. Wewe mwanangu, ulipima lini?”

Nikawaambia ukweli. Sijui kwa nini sikudanganya. Uongo ulikuwa mwepesi tu!

Ukweli ni kwamba nilipima kabla ya harusi, 2016. Tangu hapo mume wangu Elvis anafanya kazi Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Mimi siulizi. Yeye hasemi. Na kazi yangu ni HIV, saa mbili mpaka saa kumi na moja!

Nesi wa zahanati yuko humo kanisani na vipimo vyake. Mama Ndeti ndiye aliyemwita. Wanne wameshajipanga, wanataniana nani atatangulia. Wameniachia nafasi mbele.

Nasikia ndara kwenye kokoto. Ni Mama Ndeti, anakuja kunichukua —