Mchumba Wangu Anataka Kufunga Mlango, Nami Bado Niko Nje

Mpendwa mshauri Bi Mwanaharusi, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinicheke, ingawa mimi mwenyewe nacheka tangu Jumapili na katikati ya kicheko nalia, mpaka wateja wananiuliza kama nina mimba, na sina, maana wa kunipa mimba yuko Ubelgiji.

Naitwa Falonne, ni Mkongo wa Lubumbashi, nasuka nywele hapa La Rochelle ya Afrika Kusini, si ile ya Ufaransa, na mchumba wangu Parfait yuko kwenye mji mdogo wa Waflamandi, anafanya kazi kiwanda cha viazi vya kukaanga, uraia wa kule ameshapata, barua ya posa imeshafika kwa mama, na Desemba anakuja tufunge ndoa kisha nimfuate, na nampenda huyu mwanaume, akipiga simu naweza kumsuka mtu upande mmoja nikasahau wa pili.

Sasa Parfait anagombea udiwani. Aliponiambia nilipiga vigelegele hadi vikafika kwenye roboti, taa za barabarani, magari yaliyosimama pale yakanijibu kwa honi, mume wangu mtarajiwa mkubwa wa Ulaya! Wamemweka wa mwisho kwenye majina ya chama, akasema kule nafasi ya mwisho ndiyo ya heshima, nami nikaamini, kwani hata kanisani tunafundishwa kuwa wa mwisho atakuwa wa kwanza. Kila alichoandika kwa Kiflamandi nikakibonyezea makopa bila kuelewa hata neno moja. Kisha akaomba video ya kumtia moyo, basi siku hiyo saluni imejaa, tukacheza sote, mteja wangu Najma wa Tanga akiwa amesukwa nusu kichwa, na mimi mbele nikapaza sauti: "Parfait, fungua njia, tunakuja!"

Video ikapendwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji wenyewe, mabibi wa Kizungu wakaandika wee, nikajiona staa. Aliyekuja kutusomea ni dada yake Najma anayeishi Antwerp, maana chama kilikuwa kimeweka maandishi chini ya video yetu, na unajua yanasema nini? "Sisi tuna raha zetu Afrika. Hatuji. Asante Parfait kwa kutuambia tubaki." Najma alicheka hadi akateleza kwenye kiti, nami nikacheka, halafu nikauliza hicho chama kinataka nini hasa, dada mtu akasema kinataka wageni waondoke, na wake wanaoletwa kutoka nje wazuiwe. Wake, Bi Mwanaharusi! Mke mwenyewe si ndiye mimi?

Nikampigia. Akasema, "Chérie, bageni banazidi huku. Hata bazee betu balisema, mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe." Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akasema, "Weye si mugeni, weye ni bibi yangu. Utaingia kwanza, kisha tutafunga mulango." Na alivyolisema kwa sauti ile yake ya taratibu, nikayeyuka, nikasema merci chéri, nikakata simu, ndipo nikashtuka, nimeshukuru kitu gani?

Lakini usimwone mbaya. Alipolazwa mwaka jana, Wakongo wenzake tulimtumia viganja vya maombi kwenye simu, ila waliofika hospitali ni mzee mmoja wa chama kile na mkewe, na sufuria ya supu, na walimwita kwa jina lake bila kulikosea. Anasema tangu aende kule hao ndio watu wa kwanza kumuuliza anaonaje. Na kusema kweli kidogo namwelewa, maana hata hapa uani kwetu wamekuja Wamalawi kwenye vyumba vya nyuma, asubuhi foleni ya bafu inafika getini, na kwenye mkutano wa wapangaji nilisimama nikasema wageni sasa wametosha, nikapigiwa makofi, eish, yalikuwa matamu. Lakini hayo si hoja yangu.

Hoja yangu ni kwamba uchaguzi wao unakaribia. Nivunje uchumba? Au ninyamaze, niingie kabla mlango haujafungwa? Najma anasema nyamaza, mama anasema funga na kuomba. Nampenda na ninaona aibu, vyote pamoja.

Falonne, La Rochelle

*

Marahaba, Falonne. Umeniomba nisicheke na nimeshindwa, unisamehe. Pale kwenye "merci chéri" nilivua miwani, nikacheka hadi mjukuu wangu akaja kutazama kama nimepatwa na jambo. Sasa nimemaliza. Kaa vizuri tuseme.

Wewe mwanangu ni mtu mzima. Hakuna mteja anayetoka saluni kwako akiwa amekudanganya bei ya nywele bandia, ila unabonyeza makopa chini ya maneno usiyoyajua! Aliyeposwa ni wewe, si kidole chako. Kuanzia leo kidole kitulie mpaka dada yake Najma akusomee.

Uchumba usivunje, bado. Kura ni ya Parfait, na hata mke wa ndoa hampangii mumewe kura. Lakini uso ule ni wako na sauti ile ni yako. Ulisema mnakuja, wao wakaandika hamji. Huo ni uongo, na wapiga kura wa mji ule wamelishwa kwa mkono wako. Mwambie aiondoe video, au yaandikwe maneno uliyoyasema. Akisitasita, rekodi nyingine na wanawake wale wale, Najma akiwa amesukwa kichwa kizima safari hii, na dada mtu aandike tafsiri ya kweli.

Kisha saluni ikijaa, mpigie uweke spika, mama yako akiwa anasikia. Mwombe aeleze sera ya chama chake kwa Kiswahili. Kiflamandi hapana, Kifaransa hapana. Nimeambiwa kwa Kiflamandi mgeni wa kukaribishwa ana neno lake na mgeni wa kufukuzwa ana lake. Sisi tuna hili moja tu. Akisema "bageni batoke", mama yako atamuuliza ni wepi, hawa tunaowapakulia chakula? Ulimi ukimgomea, shukuru Mungu, kuna cha kuokoa. Akiyasema yote mbele ya mama bila kigugumizi, barua ya posa irudi ilikotoka.

Na methali ameisoma vibaya. Wazee walisema mpe jembe, hawakusema mpe tiketi. Maana yake siku mbili zimekwisha, sasa ni mwenzetu, alime nasi. Yeye mwenyewe jembe alishapewa, ni vile viazi, na anavilima vizuri tu.

Hiyo ya kuingia kwanza kisha mlango ufungwe, iache. Diwani wa mji mdogo hana ufunguo wa mpaka wa nchi, sembuse aliyewekwa wa mwisho. Wakishamalizana na wanaokuja watawageukia waliofika, na Parfait wako sura yake ni ile ile.

Supu ile lakini msiidharau. Mtu akikaa miaka bila kuulizwa anaonaje, atakayemuuliza kwanza atamfuata popote. Mlimtumia viganja, wewe ukiwa mmoja wao, kazi yenu akaifanya yule mzee. Basi siku ya simu, kabla ya video na kabla ya sera, muulize anaonaje, kisha nyamaza mpaka amalize. Wateja nao marufuku kuzomea.

Sasa zamu yako. Umeandika "hayo si hoja yangu", na hapo nilivua miwani mara ya pili, wala sikucheka. Nyani haoni kundule! Wageni wametosha, amesema nani? Falonne wa Lubumbashi, ambaye hapa hapa mjini akienda kliniki anaweza kukuta wenyeji wasiotaka wageni wamesimama mlangoni wakimdai karatasi, na si manesi. Ukapigiwa makofi ukayaona matamu. Basi unajua alichokula Parfait, mwenzio mnakula sahani moja.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia, nenda ukabishe hodi kwa hao Wamalawi. Uliza majina yao, uyatamke bila kuyakosea, mpange pamoja zamu za bafu. Halafu kwenye mkutano ule ule simama useme ulikosea. Safari hii makofi hutapata, na huenda wakaguna. Vumilia, mwanangu. Ukishaweza hilo, maneno utakayomwambia Parfait yatakuwa na uzito.

Na harusi ikiwepo, nialikeni. Nitakuja mgeni, nitacheza siku mbili zote, na ya tatu mnipe jembe.