Mbaazi za Kamau

Ngoingwa, Jumanne

Kwamba alikuwa "mkulima hodari" sitaandika. Kamau anazikwa keshokutwa, na mjane wake, Mama Wambui, amenikabidhi kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa kanisani, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake tangu shuleni.

Tatizo ni ukweli. Kila msimu Kamau alipanda mbaazi huko Ngoliba kabla ya mvua, katika udongo mkavu, nami kila msimu nilimsihi asubiri. Mara nyingi miche ilikauka. Hata hivyo, kila baada ya mavuno aliniletea gunia dogo, akalitua mlangoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Leo nilimweleza Mama Wambui ugumu wangu.

"Mwalimu, wewe andika tu. Nani atauliza?"

"Mimi."

Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. "Basi nikwambie. Mvua ikikataa, alikuwa ananunua mbaazi soko ya Thika, anatia kwa gunia yetu. Hakutaka umwambie ulimwonya."

"Nilijua. Za sokoni zilikuwa zimepepetwa. Zenu zilikuwa na mawe."

"Miaka hiyo yote, na hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Mvua inakaribia tena, na sina wa kumsihi asubiri. Jambo hilo linanisumbua kuliko nilivyotarajia.

Nimeandika kwamba hakuwahi kufika kwangu mikono mitupu. Sentensi hiyo nimeihakiki mara mbili. Ni sahihi.