Mjomba, Chuma Kinavutika

Nyumba ya kona, chumba cha uani,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama anasema bado linakusumbua ukipanda ngazi, nami nakujua, fimbo huishiki kwa sababu ya maringo. Ishike. Natumaini mkazamjomba hajambo na kile kikohozi kimemwacha. Sisi huku wazima, ila mimi na Mama tumenuniana tangu Jumamosi.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikiwa wima mlangoni, maana kukaa nilishindwa. Unaniambia nikubali yaishe. Najua Mama ndiye aliyekulilia. Lakini wewe, Mjomba, uliyenishikisha spana kabla sijafikia urefu wa meza? Imeniuma, sikufichi.

Umesikia upande mmoja, sasa sikia na wangu. Tunafunga kompresa mpya kwenye kiwanda cha barafu. Ina boliti nane, kila moja imezama kwenye zege la msingi ndani ya bomba la plastiki, na chini kabisa imeshikwa na bamba. Bomba lile unalijua kazi yake: ukikaza nati, boliti ipate nafasi ya kuvutika urefu wake wote, nguvu ifike chini kwenye bamba, na zege lote libanwe. Siku ya kumwaga uji wa saruji chini ya mashine nilikuwa nimempeleka Mama kliniki. Hakuna aliyekumbuka kuziba midomo ya mabomba kwa matambara. Uji ukaingia kwenye baadhi yake, ukaganda, ukazikamata boliti zake.

Niliporudi nikaanza kukaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia nguvu ikitimia. Tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Ya nne, nati haijamaliza hata robo ya mzunguko, spana ikalia kwamba inatosha. Inatosha wapi, na kilichovutika ni kipande cha juu tu? Ya tano hivyohivyo, na pembeni yake zege limeshatoa ufa mwembamba.

Nikamwambia msimamizi mabomba yale yachimbuliwe. Akacheka mbele ya watu: “Chuma kivutike? Kwani mpira?” Tangu siku hiyo karakana nzima inaniita Mama Mpira. Hilo wala halininyimi usingizi. Kilichonichefua ni fomu aliyoniletea, eti nitie saini kwamba boliti zote nane zimekazwa na kupimwa. Nikamwambia ng'o. Amenipa mpaka Ijumaa: nitie saini na kumwomba radhi, au nirudishe ovaroli niende zangu.

Radhi siombi. Dada atakayeendesha kompresa ile atakaa hatua mbili tu kutoka pale, siku nzima, na mashine inatikisika. Boliti zikilegea atakayeumia ni yeye, na jina kwenye fomu litakuwa langu. Sasa hayo unayotaka yaishe, yataishia kwa nani?

Kazi hii naipenda. Nikiikosa nitalia, tena sana, halafu nitanawa uso nitafute nyingine.

Unakumbuka ile boliti ya trekta? Nilidhani unanitania, mpaka ukaipima mbele yangu kabla ya kuikaza na baada ya kuikaza, ukanionyesha ilivyorefuka. Siku ile hukuniambia kwamba chuma kinavutika mpaka bosi akasirike.

Naomba jambo moja tu. Mwambie Mama aitoe ovaroli yangu. Ameificha ili nisipate cha kurudisha, na mimi nataka niifue na kuipiga pasi kabla ya Ijumaa.

Nisalimie mkazamjomba, na yule binamu mbishi mwambie ubishi wake nimeurithi mimi. Mungu akutunze, kila unapokanyaga pawe imara.

Sasa nimekaa, na hii ndiyo karatasi pekee nitakayoitia saini wiki hii.

Mpwa wako akupendaye,
Mama Mpira