Shukrani kwa Fundi Mmoja

3 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mgongo unanisumbua, mengine yako salama. Natumaini baridi ya huko haijaziba masikio yako, maana nataka unisikie.

Makala yako ya jaridani nimeisoma siku nne, kamusi mkononi. Umeeleza vizuri: vitufe vya kaboni, metali imefungiwa ndani kama kuku tengani, halafu unavitunga kwenye mnyororo wa polima. Nikafika mwisho. "Tunamshukuru pia fundi mmoja wa maabara."

Fundi mmoja! Miaka sita kwenye maabara ya hapa chuoni nimekwangua masizi yako mpaka nikipiga chafya natoa wino. Na nani aligundua kwamba fimbo za grafiti tunazochoma kupata masizi hayo zikiwa na unyevu, vitufe vinatoka vitupu? Umeandika "tuligundua". Wewe na nani?

Mjomba wako

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Pole na mgongo. Mimi mzima. Usikasirike, shukrani ndivyo zinavyoandikwa. Nitakutumia koti.

Sasa nisaidie. Nimekausha fimbo joto lile lile, saa zile zile, nazichoma, napata vitufe vitupu! Bila metali ndani, polima yangu ni plastiki tu. Wakaguzi wanakuja mwisho wa Juni. Wakikuta masizi matupu, utafiti unafungwa na mimi narudi. Ulikuwa unafanya nini kingine?

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Sijambo. Koti ninalo. Nataka jina.

Mjomba wako

29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Afya yako siulizi; mgonjwa hapati nguvu za kiburi namna hii. Simu hupokei! Unataka jina jaridani na shule uliishia darasa la saba? Hesabu zote nilipiga mimi. Wewe ulibeba trei, basi. Niambie ulichofanya, zimebaki wiki nne.

Mpwa wako

11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo umepona kabisa. Kumbe hasira inanyoosha mtu.

Umesema kweli, nilibeba. Ila hukuwahi kuuliza nilibebea nini. Tanuru lilikuwa mwisho wa korido, na fimbo iliyokauka inanyonya unyevu wa hewa kabla hujafika mlangoni. Kwa hiyo nilizitoa zingali na joto, nikazifungia kwenye hotipoti. Ile nyekundu, uliyokuwa ukinicheka, "Mjomba, saa mbili asubuhi na ushaanza kula?" Trei ulizoziona wewe zilikuwa za kurudishia vyombo.

Jambo hili sikukuandikia wewe kwanza. Niliwaandikia wenye jarida, na mkuu wa idara yetu hapa akaninyooshea Kiingereza. Wamekubali. Andiko langu linatoka wiki ijayo, ukurasa mmoja, na juu yake majina yangu yote matatu. Utawahi wakaguzi wako, usilie.

Ukimaliza kusoma, tazama mstari wa chini kabisa, wa shukrani. Sikukusahau. Nimemshukuru mpwa mmoja.

Mjomba wako