Picha ya Mama Yako Akijipaka Poda

Ukunda,
Kwale.
13 Juni 1999

Mpendwa mpwa wangu Chengo,

Marahaba, kwani najua shikamoo yangu umeitoa hata kabla ya kuifungua bahasha. U hali gani huko Lokichogio? Joto lakuachia pumzi? Na kile kifua kimepona? Sisi huku tu wazima, ila mimi mwenyewe sikaliki. Naandika mstari mmoja, nainuka, nachungulia njiani, narudi. Mke wangu Biasha ashaniambia nikae au nitoke, nichague moja.

Kazi yangu ya geti pale hotelini Diani yaendelea vyema. Mwezi jana nyani dume alimpokonya meneja kofia akapanda nayo mnazini. Nilimkazia macho tu. Akashuka mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili. Wazungu walipiga makofi hadi jua likatua. Uliza mtu yeyote.

Sasa la mama yako. Usishtuke, haumwi.

Wajua tangu baba yako azikwe, wakwe walimkataza dada yangu Kahaso mafuta, poda na nguo ya rangi mpaka hanga la mwisho, la kuondoa matanga, lifanywe. Na hanga lenyewe baba yako mdogo Mangi akawa analisogeza: mara mvua, mara mbuzi wamekonda. Kahaso amevumilia, huku akifua mashuka ya wageni apate riziki.

Pale alipopanga, chumba cha pili anakaa bwana mmoja wa bara, Duncan, mchora picha za kuuzia watalii. Huyu hapaki rangi kama watu. Anadona kwa ncha ya kijiti, kama kuku aliyemwagiwa mtama. Siku moja pazia la mlango wa mama yako lilipeperuka, akamwona ndani, akamchora bila kumwuliza. Nilimwambia hiyo si adabu ya pwani hii. Akaomba radhi, lakini picha ilikuwa ishatundikwa kibandani kwake, mbele ya nyumba, barabarani kabisa.

Na picha yenyewe, mpwa wangu! Ukiisogelea huoni mtu. Ni punje tu za rangi, njano, samawati, nyekundu, hata mimi mara ya kwanza nilidhani mwanamke ana tetekuwanga. Rudi nyuma kidogo, punje zakusanyika, na huyo hapo mama yako: leso kifuani, kioo kidogo kwenye msumari, kidevu amekiinua, mkono wa kushoto wapiga poda shingoni. Anatabasamu kama mtu asiyejua kuwa anatazamwa. Tabasamu hilo sikuwa nimeliona tangu tukiwa watoto.

Maneno yakamfikia Mangi huko Kinango. Akaja mbio. Akatangaza kwamba mjane akijipamba kabla ya hanga amejitoa mwenyewe ukooni, basi nyumba ya baba yako sasa ni yake yeye. Nikamkaribisha kwa heshima zote, nikamshika bega, nikamsimamisha mpaka pua ikagusa picha.

"Wamwona nani hapo, shemeji?"

"Naona madoadoa."

"Basi umetoka Kinango kuja kurithi madoadoa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mangi akaanza kugeuka aende zake. Nilikuwa nimeshinda, Chengo. Wakili wa Mombasa hangeweza vile.

Ndipo mama yako akatoka na kaniki yake nyeusi, mikono ina povu. Akamshika Mangi mkono, akamvusha ng'ambo ya barabara.

"Simama hapa, shemeji. Tazama sasa. Ni mimi, na ile ni poda."

Mangi akamwuliza kama haoni haya.

"Mume wangu nilimlilia mbele yenu nyote. Poda nilijipaka peke yangu. Aliyechungulia ndiye aone haya."

Hakuna aliyecheka tena. Duncan akaishusha picha, akaigeuza uso ukutani. Mangi akasema basi, hanga ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na wazee wataamua habari ya nyumba siku hiyohiyo.

Baadaye nilimlaumu dada yangu. Nilikuwa na mashahidi tayari wa kuapa kwamba yule ni mwanamke wa Taveta. Hakutaka hata kusikia. "Mwandikie Chengo aje," alisema, "na usimfundishe la kusema."

Basi sikufundishi, ijapokuwa mdomo wanitekenya. Jua hili tu: wazee watakuuliza wewe, mwana wa kwanza, kama mama yako bado ni wa nyumba ile. Utakalojibu ndilo. Omba ruhusa kazini leo, usingoje kesho.

Biasha akusalimu sana, na Everline wa jirani, na mzee Kahindi aliyekutahirisha. Mungu akutangulie njiani na akulainishie ulimi. Salamu za mama yako sikuzitia humu. Amesema atakupa mwenyewe, ukifika.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye daima,
Shutu