Kashenyi Iliyo Chini ya Ziwa

Jumatatu, 12 Agosti 1974
Bwana Byabato, mpimaji kutoka Bukoba, kashuka na boti ya mchana. Anatafuta pa kujenga kijiji cha ujamaa hapa Bumbire. Isipopatikana tambarare ya nyumba sitini kufika Ijumaa, kisiwa kizima tunahamishiwa Kimwani, huko bara. Tukalime! Mimi, mwenye mitumbwi miwili na nyavu zangu!
Na analala kwangu. Nani mwingine ana kitanda cha ziada?

Jumanne, 13 Agosti
Katandaza ramani mezani, ya wakati wa Mwingereza. Kaweka kidole ufukweni: Mama Joviana, hapa ni safi, tambarare tupu. Nikasoma jina. Kashenyi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Bwana, hapo ndipo nilipozaliwa. Zile mvua za mwaka wa Uhuru zilijaza ziwa, likapameza. Wakazi wa sasa ni sato.
Hakucheka. Basi ni Kimwani, kasema.
Lakini chini ya jina kuna vinukta vinne — nyumba. Kile cha pembeni, karibu na maji, ni kwa mama yangu. Sina picha hata moja ya kwetu. Wewe uliyechora, sikujui, asante.

Alhamisi, 15 Agosti
Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa tumezunguka kisiwa na mpimaji. Mawe na miteremko tu. Wifi yangu Penina kapaza sauti mbele ya watu: Waitu, Bwana mpimaji, tambarare si kibanja cha huyu? Au migomba yake haitaki ujamaa?
Wakacheka. Shemeji zangu waliponinyang'anya shamba la marehemu mume wangu, nani alisema neno? Hiki nimekinunua mwenyewe, kwa samaki wa kukausha. Ekari sita.

Ijumaa, 16 Agosti
Kapima kibanja changu kwa kamba. Nyumba kumi kila ekari, zinaingia zote — mimi hesabu nilishaimaliza jana. Kahawa yote inakwenda, na migomba pia.
Hakuja na mgambo. Namshukuru. Kasema tu: Mama, ukikataa, naandika Kimwani. Halafu kachukua penseli, kachora nyumba yangu kwenye ramani. Kinukta changu!
Sasa anakula, mimi niko jikoni naandika. Akinawa mikono atauliza tena. Nimemwambia Penina aache maneno, ashike panga, akate kwanza mikungu iliyokomaa, kabla migomba haijaangushwa.